Fumbo la Hesabu na Lugha Yake: Uhakiki kwa Mfano wa Malambo

Neno fumbo lina kazi mbili katika Kiswahili, na kazi hizo hazipatani. Katika fasihi, fumbo ni usemi uliofungwa makusudi ili msikilizaji aufungue kwa akili yake. Ni jamaa ya kitendawili, ambacho mtegaji wake, akiona wenziwe wameshindwa, hudai apewe mji kwanza ndipo alitoe jawabu. Katika shule zetu za msingi, fumbo ni hesabu iliyoandikwa kwa maneno badala ya tarakimu na alama peke yake. Fumbo la kwanza humtaka mtu avitazame vitu viwili vilivyo mbalimbali hata aone kinachovifananisha. Fumbo la pili, kwa jinsi lilivyozoeleka kuandikwa, humtaka mtoto atafute tarakimu mbili, kisha atafute neno moja la kumjulisha kama ajumlishe au atoe.

Yatupasa sisi wanafunzi wa lugha kulihakiki fumbo hilo la pili kama tunavyohakiki matini yoyote nyingine, kwa kuuliza limeandikwa kwa lugha gani, lamwelekea msomaji wa namna gani, nalo lamwachia kazi gani ya kufanya. Hoja yangu ni moja. Fumbo la hesabu humfunza mtoto kufikiri pale tu linapomtaka aione ruwaza iliyomo, kisha aitamke kanuni yake kwa sentensi kamili. Na sentensi hiyo ni Kiswahili chenye umbo lake maalumu, ambacho hakina budi kufundishwa, wala hakifai kudhaniwa kwamba mtoto amekuja nacho kutoka nyumbani. Nimechukua mfano wa Malambo, kwa sababu huko dhana hiyo huonekana upesi kuwa ni dhana tu.

Malambo ni kata ya wilaya ya Ngorongoro katika mkoa wa Arusha, nchi ya nyanda kavu na ya wafugaji wa Kimaasai. Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo huyakumbuka malambo ya kunyweshea mifugo, na ukumbusho huo utatufaa baadaye. Si mbali na hapo wanaishi Wabatemi, ambao vitabu vingi huwaita Wasonjo, wakulima wa mifereji ambao lugha yao ni ya Kibantu. Kwa hiyo katika wilaya moja mwalimu aweza kumkuta mtoto ambaye ngeli za Kiswahili kwake si jambo geni, na mwingine ambaye lugha ya mama yake, Kimaa, si ya jamii ya Kibantu kabisa. Wote wawili husomeshwa kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za msingi za Serikali nchini Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na wote wawili hupewa fumbo lile lile.

Na tuanze na mfano. Nimeutunga mwenyewe kwa kufuata umbo linalojulikana na kila mwalimu, ili lawama isimwangukie mwandishi mmoja: Juma ana maembe 15. Juma ana maembe 6 zaidi ya Asha. Asha ana maembe mangapi? Mtoto aliyefundishwa kwamba neno zaidi ni dalili ya kujumlisha ataandika 21. Jawabu ni 9. Mtoto huyo hakukosa kutoa 6 katika 15. Akiulizwa kwa tarakimu atalitoa jawabu mara moja. Alilokosa ni kuisoma sentensi, kwa maana hajafundishwa kuisoma. Amefundishwa kuwinda neno ndani yake. Jumla ni kujumlisha, waliobaki ni kutoa, kila mmoja ni kugawanya: hizo ndizo sheria ambazo watoto hukaririshwa, nazo husaidia mradi mwandishi wa fumbo azifuate sheria hizo hizo. Hapo fumbo halina kitu kilichofumbwa.

Madhara ya mafundisho ya namna hiyo yalionyeshwa nchini Ufaransa miaka mingi iliyopita. Karibu na mwaka 1980, watafiti wa mafundisho ya hesabu wa Grenoble waliwapa watoto 97 wa madarasa ya chini swali la merikebu iliyopakia kondoo 26 na mbuzi 10, wakawauliza umri wa nahodha wake. Watoto 76 walitoa jawabu kwa kuzitumia tarakimu walizopewa. Stella Baruk aliifanya habari hiyo kuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1985. Aghalabu watu huisimulia kwa kicheko, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza vizuri mno kwamba katika fumbo la shuleni kila tarakimu ina kazi, na kila swali lina jawabu moja, na kuuliza maana ya maneno si kazi ya mwanafunzi.

Sasa tumfikirie mtoto wa Malambo mbele ya kondoo 26 na mbuzi 10. Imeandikwa mara nyingi kwamba wafugaji wa Kimaasai hawapendi kuwahesabu mifugo wao kwa kuwataja idadi. Mchungaji humjua mnyama kwa rangi yake, pembe zake na mwendo wake, na jioni hutambua nani hayupo, wala hana haja ya kujua ni wangapi waliopo. Hii haina maana kwamba Kimaa hakina hesabu. Kina majina kamili ya namba, nabo hata tomon, na makumi yake yana majina yake, tikitam, osom, artam. Tena kuna ishara za vidole zinazofuatana na majina hayo, kama alivyoeleza Claudia Zaslavsky katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya hesabu za Afrika. Namba ya Kimaa hupatana hata na jinsi ya nomino: kimoja cha kike ni nabo, cha kiume ni obo. Mtoto huyo basi aja shuleni akiwa na hesabu, na akiwa na desturi ya kutambua mpango wa vitu vingi kwa mara moja. Fumbo la Juma na Asha halimtaki alete hata kimoja katika hivyo viwili.

Wako wanaosema kwamba dawa yake ni nyepesi: Juma aitwe Lemayan, Asha aitwe Naisula, na maembe yageuzwe mbuzi. Siikubali dawa hiyo. Lemayan mwenye mbuzi 6 zaidi ya Naisula ni Juma yule yule aliyevikwa shuka. Sentensi haikubadilika, kazi ya mtoto haikubadilika, na neno zaidi bado laweza kumpoteza. Tena mtoto mchungaji ana haki ya kushangaa kwamba mtu awajue mbuzi wake kwa tofauti ya idadi yao na ya mwenzake, asiwajue wenyewe.

Nachukua badala yake fumbo la namna nyingine, ambalo mpango wake watokana na zamu za maji wakati wa kiangazi. Lambo moja latumiwa na maboma matatu. Boma la kwanza lina ng'ombe. Hunywesha siku moja, huruka siku moja, kisha hunywesha tena. Boma la pili nalo lina ng'ombe. Hunywesha siku moja, huruka siku 2, kisha hunywesha tena. Boma la tatu lina mbuzi na kondoo tu. Hunywesha siku moja, huruka siku 3, kisha hunywesha tena. Lambo halitoshi maboma mawili kwa siku moja. Je, wazee wazipangeje zamu?

Kabla ya hesabu, tuitazame lugha. Mwandishi wa haraka angaliandika kwamba boma la kwanza hunywesha kila baada ya siku 2. Maneno hayo ni Kiswahili safi, lakini yana maana mbili. Msomaji mmoja atahesabu siku ya 1, ya 3, ya 5. Mwingine atahesabu siku 2 zilizo kati na kupata siku ya 1, ya 4, ya 7. Wote wawili wamesoma sawasawa. Katika mazungumzo hatupati taabu, kwa sababu msemaji yupo na twaweza kumwuliza. Katika karatasi ya mtihani hayupo. Hii ndiyo sababu nimetumia kitenzi ruka. Mtunzi aweza pia kusema leo, kesho, kesho kutwa, na watu wa pwani wangaliendelea hata mtondo na mtondogoo. Mtunzi wa mafumbo yampasa kuijua tofauti hii kama mshairi anavyojua mizani, kwa kuwa katika fumbo la ruwaza neno moja la wakati likiyumba, mpango wote umeyumba nalo.

Sasa watoto na waandike. Boma la kwanza likianza siku ya 1, lina siku za 1, 3, 5, 7, 9, 11. Boma la pili likianza siku ya 2, lina siku za 2, 5, 8, 11. Wamegongana siku ya 5 na ya 11. Mtoto atajaribu kulianzisha boma la pili siku ya 3: 3, 6, 9, wamegongana siku ya 3 na ya 9. Atajaribu siku ya 1: watagongana siku hiyo hiyo, na tena siku ya 7. Hapo darasa litaanza kushuku jambo, na shuku hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu ya kweli: mahali pa mgongano hubadilika, lakini mwachano wake ni siku 6 daima. Boma la tatu lina habari nyingine. Likianza siku ya 2, siku zake ni 2, 6, 10, 14, wala halikutani na boma la kwanza hata milele. Likianza siku ya 1, kila zamu yake huliangukia boma la kwanza. Ruwaza mbili hizi, moja isiyokwepeka na moja inayokwepeka, zimo katika fumbo moja, na hakuna neno hata moja linalomwambia mtoto ajumlishe au agawanye.

Tena fumbo halijaisha. Kwa kuwa boma la kwanza na la pili haliwezekani kupatanishwa kwa desturi zao za sasa, hapana budi mmoja abadilike. Kundi moja la watoto laweza kupendekeza kwamba boma la pili liruke siku 3: la kwanza lichukue siku 1, 3, 5, 7, la tatu 2, 6, 10, la pili 4, 8, 12. Siku zote zimejaa na hapana mgongano. Kundi jingine laweza kupendekeza kwamba maboma yote matatu yaruke siku 2, kila moja na siku yake: 1, 4, 7, 2, 5, 8, 3, 6, 9. Hapo pia siku zote zimejaa. Majawabu yote mawili ni sahihi kwa hesabu, lakini hayalingani kwa uzito. Katika la kwanza, ng'ombe wa boma la pili ndio wabebao kiu. Katika la pili, ng'ombe wa boma la kwanza hupungukiwa, na mbuzi huongezewa maji ambayo hawakuyaomba. Mtoto mchungaji atauliza ng'ombe waweza kukaa siku ngapi bila maji, naye ana haki ya kuuliza, tena huenda anajua kuliko mwalimu wake. Hili ndilo fumbo lililo wazi: majawabu yake yako zaidi ya moja, na kila jawabu lina hoja ya kulitetea.

Njia hii si mpya. George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya kutatua maswali, aliwahimiza wanafunzi wajaribu hali ndogo ndogo kwanza na kutazama kinachojirudia. Huko Japani, Shigeru Shimada na wenzake walitoa mwaka 1977 kitabu juu ya mafundisho kwa maswali yaliyo wazi, nacho kilitoka kwa Kiingereza huko Marekani mwaka 1997 kwa juhudi za Jerry Becker. Ninalotaka kuliongeza ni la upande wa lugha, na kwetu ndilo zito zaidi.

Mtoto aliyekwisha kuona mgongano wa siku ya 5, ya 11 na ya 17 ataeleza hivi: Walikutana siku ya 5, wakakutana siku ya 11, wakakutana tena siku ya 17. Hiyo ni hadithi, na viambishi vyake, -li- na -ka-, ni vya hadithi. Mwalimu amtaka aseme: Yakianza siku yoyote, maboma haya hukutana mara moja katika kila siku 6. Hiyo ni kanuni. Angalia kilichobadilika: -ki- ya sharti imeingia, yoyote imezifuta siku maalumu, hu- ya desturi imeshika mahali pa -li-, na kila imelifunga jambo lote. Mtoto hajapewa tarakimu mpya. Amepewa sarufi mpya. Kuvuka kutoka -li- kwenda hu- ni kuvuka kutoka habari kwenda kanuni, na mtoto asiyevuka daraja hilo kwa ulimi atakuwa ameiona ruwaza bila kuweza kuishika. Kadhalika kuna muundo wa kadiri na ndivyo, kama tusemavyo: kadiri boma linavyoruka siku nyingi, ndivyo linavyowaachia wenziwe nafasi. Kiswahili kina zana zote hizi tayari. Lakini katika saa ya Kiswahili hufundishwa kama sarufi isiyo na kazi, na katika saa ya Hisabati hutakiwa kama kazi isiyo na sarufi.

Kwa mtoto wa Malambo daraja hilo ni refu zaidi, nami naona yafaa alivuke kwa hatua mbili. Kwanza watoto na wabishane juu ya zamu kwa Kimaa, kwa maana ubishi wa zamu ni wa kwao. Kisha kundi liitunge kanuni yake kwa Kiswahili, sentensi moja tu, na darasa zima liihakiki: je, ni kweli kwa siku zote, au kwa zile tulizoziandika tu? Hapo Kiswahili hakimnyang'anyi mtoto fikira yake; chamtaka aifafanue.

Istilahi nazo zahitaji neno. Somo hili hutumia namba shufwa na namba witiri, maneno ya asili ya Kiarabu. Mtoto wa Kiislamu wa pwani huenda ameisikia sala ya witri kabla hajaingia darasani. Kwa mtoto wa Malambo maneno hayo ni sauti tupu, na itampasa mwalimu kuyajaza kwa mifano ya viwiliviwili na kimoja kilichosalia. Namba tasa, kinyume chake, ni istilahi ambayo mfugaji huipokea kwa furaha mara ajuapo maana ya ng'ombe tasa: namba isiyozaliwa kwa kuzidisha namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe, iliyo kama mnyama asiye na kizazi. Sitiari hiyo haikunyooka kabisa, lakini humpa mtoto mahali pa kushika.

Taabu kubwa iko katika kigawe na kigawo, ambayo yote mawili ni ya lazima katika fumbo letu, kwa sababu 6 ndicho kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3. Irabu moja tu hutenganisha namba inayogawanywa na namba inayogawanya. Mwanaisimu ataona hapa uzuri wa mpango: -e ya mwisho huonyesha kitendwa, kama katika kiumbe, mteule na mtume, -o huonyesha chombo, kama katika kifuniko, kipimo na kizibo. Kigawe hugawanywa, kigawo hugawanya. Hii yenyewe ni ruwaza, tena ya Kiswahili halisi, na mtoto akionyeshwa mifano hiyo 6 kwa dakika 10 hatahitaji kukariri tena. Asipoonyeshwa, atachanganya, na tutasema hajui hesabu.

Hata neno ruwaza lina shauri lake. Wanaisimu twalitumia, walimu wengi husema mpangilio. Nisingependa maneno haya yafanywe kuwa sawa. Vitu vyaweza kuwa na mpangilio bila kurudiarudia, kama vitabu katika kabati. Ruwaza ni mpangilio ulio na kanuni, hata mtu aweza kusema kitakachofuata kabla hajakiona. Ushanga wa Kimaasai huonyesha tofauti hii vizuri: msukaji ajuaye rangi itakayofuata, na kwa nini, ameshika ruwaza.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya mtihani. Mwaka 2012, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulifanywa kwa kuchagua herufi, hata katika Hisabati, na wengi walilalamika kwamba herufi haionyeshi njia. Ni kweli kwamba fumbo lililo wazi halitoshei katika kisanduku cha herufi. Lakini mtoto aliyezoea kusoma sentensi mpaka mwisho wake hatapotezwa na neno zaidi hata katika karatasi ya kuchagua. Faida hiyo haihitaji kungoja mtihani ubadilike. Pingamizi ya pili ni kwamba fumbo lenye majawabu mengi humwondolea mwalimu mamlaka yake. Hapana. Mpango wa zamu unaogonganisha maboma ni kosa, na mwalimu ataukataa. Kinachomtoka ni uwezo wa kukataa jawabu sahihi kwa sababu tu si lile lililo katika kitabu chake, na uwezo huo haukumfaa mtu.

Kazi inayotukabili sisi wa lugha ni ndogo lakini ni yetu. Mafumbo ya vitabu vya msingi yafaa yapite mikononi mwa msomaji wa lugha kama yanavyopita mikononi mwa mtaalamu wa hesabu: azitafute sentensi zenye maana mbili, aonyeshe ni muundo gani wa Kiswahili ambao jawabu litahitaji, na aupeleke muundo huo katika somo la Kiswahili la wiki ile ile. Hadi hapo itakapofanyika hivyo, mtoto wa Malambo aandikapo 21 badala ya 9 hatutajua kama tumepima hesabu yake au tumepima Kiswahili ambacho hatukumfundisha.